Sekunde Nane za Mzee Elieza

Dakta Masunga Ng'wandu alikuwa na wiki tatu tu pale kituo cha umeme cha Kwashuma na tayari alishapewa jina. Walimwita Bahili. Wapare, ambao nchi nzima huwatania kwa ubahili, walikuwa wamepata hatimaye mtu wa kumbandika sifa hiyo, na walikuwa wakilifurahia jambo hilo kwa moyo wote.

Kosa lake lilikuwa moja. Kila zamu yake ilipokwisha, joto lilikuwa limepungua. Mabomba ya maji ya moto yaliyoteremka kutoka kituoni kwenda vijiji saba vya mlimani yalipoa, vikaushio vya tangawizi vikazubaa, na zahanati ikapiga simu kuuliza kulikoni. Wenzake walikagua pampu, wakakagua matangi, wasione hitilafu yoyote. Mwishowe wakamtuma mkuu wa zamu, Nakundwa Mgonja, akazungumze na mgeni huyo kwa upole, maana ni mtu wa Shinyanga na huenda kwao mambo hufanywa hivyo.

Nakundwa alimkuta kwenye chumba cha uangalizi, amesimama mbele ya kioo kinene, akimtazama Mgeni.

Mgeni lilikuwa jina la punje. Baba yake Nakundwa ndiye aliyeipa jina hilo miaka kumi na tisa iliyopita, siku aliyoinasa. Kwa macho ilikuwa nukta ya buluu tu, imeelea katikati ya shimo la sumaku, ndogo kuliko vumbi linalocheza kwenye mwanga wa dirisha. Kwa uzito ilikuwa kilo thelathini na kitu, kama mbuzi aliyenona. Hiyo ndiyo maada ya kwaki: chukua kiini cha atomi, kisha kikandamize mpaka protoni na nyutroni zipasuke na kuwa uji mmoja mzito wa kwaki, chembe zinazoziunda, usio na nafasi hata ya kuchomeka wazo. Ile maada ya giza ambayo wataalamu waliitafuta kwa vizazi kumbe ilikuwa punje kama hizi, mabilioni kwa mabilioni, zikipita angani na ndani ya miamba bila kupiga hodi. Hii moja ilipunguzwa mwendo na mwamba wa mlima Shengena, na Mzee Elieza Mgonja, wakati huo fundi wa mitambo mwenye mikono yenye grisi, akawahi kuwasha mtego.

"Dakta," Nakundwa alianza, "zamu yako ikiisha unamlisha Mgeni kwa muda gani?"

"Sekunde thelathini. Kitabu kinasema thelathini."

Nakundwa akacheka. Akamwelekeza kwenye valvu ya nyutroni, akamweleza kama mtu anavyomweleza shemeji mpya jinsi ya kula kwa mkono. Kitabu kilisema thelathini, ndiyo. Lakini thelathini zikitimia mtu hafungi papo hapo kama anayemfungia jirani mlango. Unaacha wazi, unahesabu mpaka nane, ndipo unafunga. Zile nane ni za mwenzako anayeingia, akute matangi yana joto la kuanzia. Ni kama kwenye ndiva, alisema, yale mabwawa ya mlimani tunayogawana maji yake kwa zamu: ukimaliza kumwagilia hukaushi mpaka tope, unamwachia anayefuata kidogo.

Masunga aliuliza zile nane zinaandikwa wapi.

"Haziandikwi. Ni heshima tu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Baba ndiye aliyetufundisha."

Masunga akavuta kiti, akakaa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifungua daftari lake na kumwonyesha Nakundwa mstari alioutazama kwa wiki tatu bila kuuelewa. Koili za sumaku zilizomshikilia Mgeni zilihitaji umeme mwingi zaidi kila mwaka, na kila Januari mafundi waliandika kwamba koili zimezeeka, wakairudisha mizani, inayompima Mgeni kwa umeme wa koili hizo, kwenye uzito uliopigwa hesabu kutoka kitabuni. Mwaka baada ya mwaka, wote waliamini kitabu na kuilaumu koili.

"Koili haizeeki kwa mstari ulionyooka namna hii," alisema. "Koili ziko sawa. Ni yeye aliyenenepa."

Nakundwa aliitazama ile nukta ya buluu. Alijua hesabu ile kama anavyojua jina lake. Kila nyutroni anayoimeza Mgeni huyeyuka ndani yake na kuacha joto. Joto hilo ndilo maji ya moto, ndilo umeme wa vijiji saba, ndilo umeme wa koili zenyewe zinazomshikilia. Lakini kila nyutroni humwongezea pia uzito. Na Mgeni ana ngozi: chaji chanya inayosukuma atomi zote zisimguse, ndiyo maana amekaa miaka yote hiyo bila kumdhuru mwenyeji. Akifika kilo thelathini na tano ngozi ile hufifia. Asiye na ngozi hula kila kinachomgusa, na akitoka kwenye shimo la sumaku kitakachomgusa kwanza ni mlima, kisha kilichobaki cha dunia.

Kitabu kilisema thelathini na nne kamili. Kilikuwa kimewapa miaka sita ya kujipanga, na watu walikuwa wakijipanga taratibu kweli.

"Uzito wa kweli ni upi?" aliuliza.

"Sijui. Inategemea hizo nane ni nane kweli, na kwa kila mkono uliowahi kushika valvu. Mizani imerekebishwa mara kumi na tisa, haina cha kunieleza. Naweza kukwambia ni kati ya thelathini na nne na nusu na thelathini na tano." Alifunga daftari. "Wewe ndiye mkuu wa zamu. Mimi nitasubiri mpaka Ijumaa."

*

Siku mbili Nakundwa alizunguka na jambo hilo kifuani bila kumwambia mtu, na haikumsaidia kwamba kila kona ya Kwashuma ilimkumbusha. Ukumbi mpya ulikuwa unapauliwa, na mwezi uliofuata ungefunguliwa kwa jina la baba yake. Mafundi walishaleta mpaka kibao chenyewe, kimefungwa kwenye magazeti.

Njia ya pembeni ilikuwepo, na aliiona vizuri. Nguzo za umeme kutoka tambarare zingefika baada ya miezi kumi na mitano. Angeweza kupunguza mlo wa Mgeni kimyakimya, akasingizia koili, akawaomba watu wavumilie ubaridi kidogo, mpaka umeme wa nje uje umshikilie Mgeni bila kumlisha. Kama Masunga angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Baba yake alikuwa na miaka themanini na moja na mapafu yasiyomaliza mwaka bila kulazwa. Angezikwa na jina lake safi. Kama kilo thelathini na tano ni thelathini na tano kweli, na kama zilikuwa bado hazijafika.

Alhamisi asubuhi alikwenda nyumbani kwa baba yake akiwa bado hajaamua. Alimkuta mahali pake, kwenye benchi alilolitengeneza mwenyewe juu ya bomba la maji ya moto linalopita ukutani, magoti yakiota joto, anamenya tangawizi kwa kisu kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Una uso wa mtu aliyefiwa. Nani?"

Hakukuwa na namna nzuri ya kusema, kwa hiyo alisema ilivyo. Alieleza koili, mizani, kitabu, na zile sekunde nane. Mzee Elieza alisikiliza bila kumkatiza. Kisu kilisimama katikati ya kipande cha tangawizi na kikabaki hapo.

"Kwa hiyo tumemvimbisha," alisema mwishowe.

"Ndiyo, baba."

"Nilidhani namtunza." Alitazama mikono yake. "Nilikuwa naona haya kumfungia katikati ya mlo, unajua? Ametoka mbali namna ile. Halafu nikaona na joto linabaki, anayeingia anafurahi. Nikasema basi, hili ni jambo jema mara mbili." Akakohoa, akangoja kikohozi kimwache. "Nani mwingine anajua?"

"Dakta Masunga."

"Yule bahili?"

"Huyo huyo."

"Basi ndiye peke yake aliyekuwa na adabu mbele ya Mgeni, na sisi tunamcheka."

Hapo Nakundwa alimwambia ile njia ya pembeni. Aliisema haraka, akitazama bomba, kwa sababu alijua inasikikaje. Kupunguza mlo, kusubiri nguzo, ukumbi kufunguliwa kwa amani. Baba yake hakumkemea, na angemkemea ingekuwa afadhali. Aliuliza swali la fundi: hiyo thelathini na tano, nani aliyeiona kwa macho?

"Hakuna. Ni nadharia. Inaweza kuwa juu kidogo au chini kidogo."

"Na uzito wake leo mtaujuaje?"

"Kila aliyewahi kushika valvu aseme ukweli. Sekunde zake halisi."

"Mkiwauliza mmoja mmoja ofisini watasema tatu. Watasema moja. Nani atajitaja kwamba ndiye aliyezidisha, mbele ya karatasi ya serikali?" Alimalizia kukata kile kipande cha tangawizi na kukitia kwenye bakuli. "Mtu akificha sekunde mbili kwa kuona aibu, hesabu ya Dakta imeharibika. Lazima aanze mwenye aibu kubwa kuliko wote."

"Baba, sitaki wakukumbuke hivyo. Umewapa maji ya moto miaka kumi na tisa."

"Na mimi nakupenda, mwanangu," alisema mzee, kana kwamba hilo ndilo alilokuwa ameulizwa. "Lakini nilimkaribisha mimi. Siwezi kukaa hapa naota moto wake huku nikiwaachia nyinyi kufa kwa haya yangu. Jumamosi kuna msaragambo. Nipeleke."

*

Jumamosi watu wa vijiji vyote saba walitoka kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mifereji, matope yakiwa bado kwenye magoti, wakaingia kwenye ukumbi usio na paa zima. Walidhani wameitiwa maandalizi ya sherehe. Masunga alisimama mbele na ubao na chaki, na minong'ono ya Bahili ikapita safu kwa safu.

Masunga alieleza hatari kwa maneno machache mno hivi kwamba Nakundwa alilazimika kurudia yote kwa kirefu. Kicheko kikakoma. Mtu akauliza kama wahame. Nakundwa alijibu kwamba hakuna pa kuhamia, kwa kuwa Mgeni akikosa ngozi hatachagua mlima huu au ule. Cha kufanya ni kujua uzito wake wa kweli, leo, na waliowahi kumlisha ndio mizani pekee iliyobaki.

Watu arobaini na wawili walikuwa wamewahi kushika valvu ile, na wote walikuwa wakitazama chini kana kwamba wamedondosha sarafu.

Mzee Elieza aliinuka akiegemea bega la binti yake.

"Mimi ndiye niliyeanza," alisema. "Miaka tisa, zamu ya mchana, sekunde nane kila siku. Sikumwambia mtu aandike. Niliwafundisha wengine wote mnaowaona hapa, kwa hiyo msimlaumu mtu kwa alichofundishwa na mimi. Andika, Dakta. Elieza Mgonja, nane."

Masunga akaandika. Chaki ilisikika mpaka nyuma ya ukumbi.

Kisha aliinuka fundi mmoja mnene akasema yeye ni sita, maana hakuwahi kuwa na subira. Mwingine kumi. Mwingine akasema alikuwa anaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kwaya badala ya kuhesabu, na Masunga, bila kutabasamu, akamwomba auimbe ili apime. Akauimba, sekunde kumi na moja, watu wakaanza kupumua. Mama Nakiete, mjane wa fundi aliyefariki miaka mitatu nyuma, aliinua mkono.

"Marehemu hayupo wa kujisemea," alisema, "lakini mimi niliishi naye miaka thelathini. Hakuwahi kunimiminia chai kikombe kisifurike. Mwandikie kumi na tano."

Wakaandika kumi na tano, na hakuna aliyebisha.

Nakundwa alikuwa wa mwisho. Wote walijua nane yake, kwa kuwa ni ya baba yake. Alikuwa ameshafungua mdomo kuitamka ndipo alipoona kwamba jambo alilokuwa akimlindia baba yake siku zote hizi halikuwa la baba yake peke yake.

"Nane siku za kawaida," alisema. "Miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, kumi na mbili. Miaka saba."

Masunga aligeuka kutoka ubaoni. Kisha akaandika. Mzee Elieza alikuwa akifikiria benchi lake, na bomba ambalo kila Julai lilimtibu magoti kuliko dawa za zahanati, na ambalo siku zote aliamini lilikuwa baraka ya ufundi wake mwenyewe. Aliushika mkono wa binti yake na hakuuachia mpaka hesabu ilipokwisha.

Hesabu ilichukua nusu saa. Masunga aliirudia mara mbili, akaweka chaki chini, akajipangusa vidole kwenye suruali.

"Thelathini na nne na gramu mia tisa na arobaini," alisema. "Mlo wa leo asubuhi ulikuwa wa mwisho."

Kilichofuata kilikuwa na kelele zaidi kuliko ufundi. Bila kulishwa, Mgeni hatatoa umeme, lakini koili zitaendelea kuutaka. Mitambo midogo ya umeme wa maporomoko ya maji, iliyojengwa kabla ya Mgeni, iliweza kuhudumia vijiji saba kwa shida. Koili zingekula sehemu ya kijiji kizima, usiku na mchana, mpaka nguzo zifike. Watu walibishana kijiji kipi kibaki gizani, na Wapare wakibishana huwa wanakaa chini kabisa, maana hawajui watamaliza lini. Aliyemaliza ni Mama Nakiete. Aliuliza kwani ndiva wanagawana vipi. Vijiji saba, siku saba. Kila kijiji kikae siku moja bila umeme, zamu kwa zamu, na umeme wake wa siku hiyo umshike Mgeni.

Mtu fulani akasema sasa tutamshika bure, bila kupata kitu. Mzee Elieza, aliyekuwa amekaa amefumba macho, alisema kwamba mgeni aliyewapikia miaka kumi na tisa wanaweza kumshika miezi kumi na mitano. Baadaye, watu walipokuwa wanatawanyika, aliwaomba mafundi jambo moja. Kibao cha ukumbi kibaki kwenye magazeti yake. Badala yake, ule ubao wa chaki upakwe vanishi na utundikwe ukutani kama ulivyo.

*

Zamu ya kijiji cha Kwashuma kukaa bila umeme iliangukia Alhamisi. Alhamisi ya pili ya Julai ukungu ulishuka tangu asubuhi na haukuinuka, na Nakundwa, akitoka kazini, alipitia kwa baba yake ili ampeleke kwake kijiji cha pili, ambako siku hiyo hita ilikuwa inawaka.

Alimkuta kwenye benchi. Bomba chini yake lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Alikuwa amevaa makoti mawili na blanketi, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, na mikono ameilaza mapajani, viganja juu, kama mtu aliyepakata mtoto asiyeonekana.

"Twende kwangu, baba. Kuna joto."

"Leo siendi popote. Leo ni zamu yangu ya kumshika."

Alimbembeleza kidogo, kwa sababu binti lazima abembeleze, kisha akakaa kando yake na kuvuta nusu ya blanketi. Kwenye mfuko wake alikuwa na chupa ya chai. Tangu valvu ilipofungwa hapakuwa na joto la kumwachia mwenzako, na wiki ya kwanza watu walikuwa wakipokezana zamu wakiwa hawajui wafanye nini na mikono yao. Lakini asubuhi ile Masunga alipomaliza zamu yake alikuwa ameiacha chupa hiyo mezani, chai ya tangawizi, imefungwa kwa taulo isipoe. Nakundwa alipoitikisa aliikuta nusu.

Alimmiminia baba yake kwenye kifuniko. Mzee Elieza alikunywa taratibu, akalamba midomo.

"Nani kapika?"

"Dakta Masunga. Ameniachia."

"Sukari kidogo mno," alisema mzee. "Lakini amefundishika."

Akanywa tena, kifua chake kikitulia kwa ule mvuke, huku nje mtu akimwita mbuzi wake ndani ya ukungu. Chai ilipobaki kidogo ndani ya kifuniko aliacha kunywa. Alikitazama, akakifunika kwa kiganja ili kisipoe, kisha akamsogezea binti yake.